Mizizi Uliyomtumia Aabo

Bulla Iftin,
Garissa.
Jumamosi, 14 Septemba 2024

Mpendwa kaka yangu Bishar,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo, aboowe? Umeamkaje huko Guangzhou? Kile kikohozi cha Ramadhani kimekwisha, au bado unakohoa na kutuambia ni vumbi la maboksi? Na je, unakula? Usinijibu kwamba unakula. Kwenye picha uliyotuma siku ya Idi niliiona mifupa ya shingo yako, na Eeddo Fadumo akaikuza kwa vidole viwili, akaguna, akasema, "Mtoto wa ndugu yangu wanamlisha majani."

Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyenikalisha kitako leo nikuandikie. Joto ni lile lile unalolijua. Mvua tuliiaga Mei na hatujaonana nayo tena. Binti yangu Siham yuko Gredi ya Nne sasa, na anasoma kila herufi inayopita mbele yake, hata maandishi ya magunia ya mchele. Anasoma kwa sauti, huyo mtoto, kama anayetangaza habari.

Na hapo ndipo ilipo sababu ya karatasi hii, kabla hujauliza kwani Deka ameishiwa na bando. Simu yangu siku hizi ni ya Aabo. Baba yetu anashinda nayo, anasikiliza zile sauti zako za zamani, na ujumbe ukiingia anamwita Siham amsomee. Nitakuandikiaje humo? Nilijaribu kukurekodia nikiwa shuleni, kwa simu ya kuazima, mara tatu, na mara tatu nikafuta, maana nikianza nakugombeza na nikimaliza nalia. Isitoshe, ujumbe wa simu wewe unausoma huku unafunga mizigo ya watu, kisha unanirushia kidole gumba. Leo sitaki kidole gumba.

Usinicheke pia kwa Kiswahili changu cha ualimu. Kisomali chetu ni cha mdomo. Kalamu mimi na wewe tulishikishwa kwa Kiswahili, na mwalimu mwenyewe ni yule aliyekuchapa kwa sababu ya ngeli. Warfa anasafiri Jumatatu kufuata vitambaa vyake, atakupa bahasha hii mkononi. Amebeba na kopo la nyirinyiri, nyama ambayo Eeddo ameikaanga kwa samli mpaka majirani wa bulla nzima wakasimama kunusa. Wakimnyang'anya uwanja wa ndege, basi, na wale wenye sare nao wale kitu kizuri siku moja.

Sasa lenyewe, Bishar. Aabo ameacha vidonge vya ini, na ameviacha kwa ajili ya neno lako. Nataka uvirudishe mdomoni mwake wewe mwenyewe, maana mimi nimeshindwa.

Nikurudishe nyuma kidogo, kwa kuwa kwenye simu umekuwa ukipata nusu nusu. Mwaka jana daktari alituambia Aabo ana virusi vya homa ya ini, na kwamba vimekaa humo miaka mingi vikilichimba ini mpaka limejaa makovu. Halijawa gumu lote. Kuna kidonge kimoja kwa siku, cha maisha, na akikimeza bila kukosa, virusi vinatulia na makovu yenyewe yanaweza kulainika polepole. Kimoja tu kwa siku! Daktari aliyaona na yale makovu mengine, ya nje, mviringo mviringo kwenye viganja na chini ya mbavu, akauliza ni ya nini. Aabo akamweleza kwamba aligeuka manjano akiwa kijana, huko Hulugho, wakamchoma kwa kijiti cha moto, akapona. Hooyo, mama yetu, naye alichomwa vivyo hivyo, unakumbuka, na bado tumbo lilimjaa maji mpaka mwisho. Tulimzika kabla ya adhuhuri, nawe uko ghalani simu imezimwa. Silitaji hilo ili nikuumize. Nalitaja kwa sababu naijua ile njia inakoelekea, nimeshaitembea na mgonjwa mmoja.

Ile Aprili Warfa alipoteremsha begi lako, wallahi ilikuwa kama umeingia mwenyewe. Paketi tisini, kila moja na nyuzi zake nyekundu, na ile karatasi ya tabibu wako wa mitishamba yenye mhuri. Aabo alifungua ya kwanza akainusa kama mtu anavyonusa kichwa cha mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na vijiti vyekundu, vipande vya mzizi wa manjano, vitu vyeusi vilivyokunjamana, na kitu kigumu mfano wa mfupa. Kitu hicho ndicho kilichozua kizaazaa. Mzee Bare, jirani yetu, akakigeuza geuza akasema ni ganda la kasa au kobe, na kwamba yeye hajasikia Mwislamu akinywa supu ya kobe. Eeddo akasema dawa ni dawa. Ubishi ulianza alasiri ukaisha magharibi, na mwisho wakakubaliana kwamba penye shaka, acha. Wakafungua paketi zote tisini, wakayachambua maganda kama wanaochambua mchele, wakayatupa nje ya ua. Mbuzi wa Mzee Bare walikuja kuyanusa, wakaondoka.

Kisha Eeddo akaichemsha kwenye birika la chai. Na kwa sababu ilikuwa chungu, akatia sukari. Na kwa sababu ilikuwa na sukari, akatia iliki. Tabibu wako angeona angevua koti lake.

Lakini hata hilo si kosa kubwa. Kosa kubwa ni letu sote, na wewe ukiwapo ungelifanya. Harufu ilivuka ua. Mtu wa kwanza akaja kuuliza hali, akakuta Aabo na kikombe. Kwetu nani anakunywa mgeni akimtazama? Akamiminiwa. Kesho yake wakaja wanne. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye magoti, mama mmoja ambaye mumewe hamsikilizi, na yule dereva wa lori asiyepata usingizi kwa sababu ya miraa. Wote wakapewa dawa ya ini. Nilimwambia Aabo, hii imepimwa kwa ajili yako, siku tisini, mtu mmoja. Akanitazama kwa mshangao kabisa. "Deka, mwanangu ametuma dawa kutoka Uchina, nami nijifungie chumbani niinywe peke yangu kama mwizi?" Ikagawanywa kama nyama ya ngamia, mpaka jirani wa saba. Siku ya kumi na moja begi lilikuwa tupu. Mzee Bare anaapa tumbo lake limepona. Na mimi nitakuficha nini? Nilicheka pamoja nao, na nilikunywa kikombe kwa ajili ya mgongo wangu.

Kwa hiyo ulipokuwa ukiuliza kila wiki, "Aabo, umeinywa?" naye anajibu, "Nimeinywa, mwanangu, Mungu akubariki," hakuwa akisema uongo. Aliinywa. Siku kumi.

Sasa sikiliza hili vizuri. Ile Ijumaa ya kwanza ulipiga, simu ikawekwa sauti kubwa kama kawaida, sebule imejaa watu hadi mlangoni. Ukasema, "Aabo, hii ndiyo dawa yenyewe. Hivyo vya hospitali vinatuliza tu. Viweke kando kwanza, uipe hii nafasi." Unakumbuka? Mimi nakumbuka hata mahali niliposimama. Nikadhani ni maneno ya furaha tu, yatapita. Aabo hakudhani hivyo. Neno la mtoto wake wa kwanza, limesemwa mbele ya wazee, yeye ni nani alipinge?

Akaviweka kando. Na mizizi ilipokwisha hakuvirudia, maana ulisema utatuma mingine, akawa anaisubiri. Kila mwezi nilikuwa nikimchukulia chupa yake hospitalini, namkabidhi, ananiambia ahsante. Katikati ya Agosti akaanza kujikuna usiku na mchana na macho yakabadilika rangi. Nilipofungua kasha lake kumtolea shuka safi nikazikuta chupa tatu zimeviringishwa kwenye kikoi, hata vizibo havijaguswa. Nilikaa pale sakafuni, Bishar, nikazitikisa moja moja, zote zimejaa.

Daktari hakutugombeza, na afadhali angetugombeza. Alisema virusi hivi ukishavifunga kamba usiikate ghafla, vinarudi na hasira. Vimerudi. Ini lililokuwa limeanza kupata nafuu limevimba upya. Akampa vidonge tena siku hiyo hiyo, akasema bado tuna nafasi, lakini si nafasi ya kuchezea.

Nikamwuliza kuhusu mizizi yako, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alisema huko Uchina wako wataalamu wanaoichunguza kwa ajili ya makovu ya ini hasa, na huenda baadhi ina faida, ila ushahidi wa kumtosha yeye bado hajauona, na ipo mitishamba mingine ambayo inaliumiza ini lenyewe. Akasema, "Mwalimu, siwezi kusema ndiyo wala hapana kwa kitu nisichokijua jina. Niletee majina."

Basi nikaichukua ile karatasi ya tabibu nikaenda nayo kambi ya wajenzi wa barabara. Yuko Mchina mmoja pale, watoto wanamwita Hassan naye anaitika, anaongea Kiswahili cha kununulia mbuzi. Aliisoma kwa makini sana, kidole kwenye kila mstari. Vijiti vyekundu akavijua, bibi yake alikuwa akivichemsha. Kitu kama mfupa akasema ni kasa, "mgongo yake", kwa hiyo Mzee Bare alipatia, na ametangaza hivyo bulla nzima. Kisha akafika mstari wa mwisho, akausoma mara mbili, akaniangalia. "Hii hapa anasema, dawa ya hospitali endelea. Siku zote. Hapana acha."

Tabibu wako mwenyewe, Bishar. Alikuandikia na kukupigia mhuri.

Nimekukasirikia, sitasema sikukasirika. Miaka tisa huko! Unajua kumkaba muuza vitambaa kwa lugha yao mpaka akuachie kwa bei ya hasara, na hukumwomba mtu akusomee mistari sita kabla ya kumwagiza baba yako aache dawa? Nilirudi nyumbani nikikutukana njia nzima, mwendesha bodaboda akadhani namwambia yeye, akapunguza mwendo.

Halafu hasira ikapoa, ikaniachia kitu kibaya zaidi. Najua kwa nini ulisema vile. Hukuwahi kumfikia Hooyo na chochote. Huwezi kutoka huko kabla makaratasi yako hayajanyooka, maana ukitoka hurudi. Ulikuwa na begi moja tu la kuweka kila kitu ulichoshindwa kutufanyia, na ulitaka liwe na nguvu kuliko hospitali yote. Mimi hukasirika haraka, lakini si mjinga, kaka.

Kila siku tangu Agosti nampa Aabo kidonge mkononi. Anapokea, anasema, "Baada ya sala." Baada ya sala anasema amekwisha kumeza. Juzi nilipofua koti lake nikavikuta mfukoni, vidonge tisa, vimelainika kwa jasho. Nikamketisha, nikafunga mlango, nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Hivi vinatoka dirishani hospitalini, mtu yeyote anapewa. Ile alinipimia Bishar. Nikiinywa nahisi yuko chumba cha pili." Nikatoka nje nikajifanya natafuta mbuzi. Hatuna mbuzi.

Ninachokuomba ni hiki. Ijumaa ijayo, tarehe ishirini, baada ya alasiri yetu, piga. Usimwombe anisikilize mimi, hilo halina faida. Umwambie wewe kwamba ulikosea. Umwambie tabibu aliandika aendelee, na wewe hukusoma. Umwambie mbele ya watu wale wale, sauti ikiwa kubwa vile vile, maana ulilisema hadharani na siri haiwezi kulifuta. Najua ni zito kwa mwanamume kusema hivyo sebule ikiwa imejaa. Kisha subiri kwenye simu mpaka ameze, nami nitakwambia amemeza. Na kesho yake upige tena. Kama ni lazima ahisi uko chumba cha pili, basi uwe huko kila siku kwa dakika mbili.

Mizizi usitume mingine kwanza. Najua umeanza kuikusanya. Nitumie majina, daktari ayatazame, akikubali tutaizungumza. Na nitaificha chini ya kitanda changu, wallahi, asije mtu na goti lake.

Daktari pia ametaka watoto wote wa Hooyo wapimwe, kwa kuwa ugonjwa huu hupita kutoka kwa mama. Mimi nimepimwa, sina, nimechanjwa. Wewe bado. Nenda wiki hii, usiniletee hadithi za kazi.

Habari nyingine ni za huko Hulugho. Binamu yetu Korane anasema yule ngamia uliyefungiwa kitovu siku ulipozaliwa, ukapewa awe wako, uzao wake sasa umefika kumi na mmoja. Wawili wamezaa mwaka huu. Aabo akiwa mjini huku anawahesabu kwa majina akiwa amelala, na tulipomshauri auze mmoja ili tumpeleke Nairobi kwa kipimo, alikataa katakata. "Si wangu. Ni wa Bishar, akija ataniuliza." Shuleni mbele ya watoto naendelea na somo langu, kisha katikati ya ubao nasahau nilichotaka kuandika, kwa sababu nimekukumbuka ukikimbia nyuma ya wale ngamia na kiatu kimoja. Nimekumiss kwa namna inayonichosha, aboowe. Zamani nilikuwa nikikuwekea sehemu kwenye sinia. Siku hizi sikuwekei, lakini mkono bado unazunguka pale.

Nisikuchoshe zaidi. Eeddo Fadumo anakusalimu na anasema uoe, hata kama ni huko huko, mradi asilimu. Korane anakusalimu, na Mzee Bare, ambaye sasa anataka aitwe daktari. Siham anauliza kama ni kweli huko kuna treni inayopita ndani ya jengo la watu. Nisalimie wote unaokaa nao, na yule rafiki yako wa Rhamu aliyetutumia salamu nzuri siku ya Idi. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akunyooshee makaratasi yako, akukutanishe nasi tukiwa bado tumetimia. Amin.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nakugombeza,

Deka

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, nimeifungua tena. Aabo ameniona na kalamu akajua ni kwako, akaja akakaa kwenye kiti mbele yangu na kofia yake nzuri, akasema nikuandikie maneno yake, neno kwa neno, nami nayaandika: "Mwambie Bishar dawa yake imeniponya. Mwambie sina tatizo lolote, alale usingizi, na asijilaumu tena kwa ajili ya mama yake." Akaniamuru nimsomee ili ajue nimeandika. Nimemsomea. Ameridhika, amekwenda kutawadha. Macho yake ni ya manjano, Bishar. Piga Ijumaa.